Nionyeshe Likipanda Mlima

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi wa magari, madereva na jamaa zao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeacha hata pale nilipotoka nje ya mada, kwa sababu ndipo watu waliponisikiliza zaidi.

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, wazazi wetu mliokaa mbele, na nyie vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mambo mawili, utapeli wa mitandaoni na haya mabishano kuhusu magari mapya, ya umeme na yanayojiendesha, na nikaambiwa muda ukibana nichague moja. Sitachagua. Kwangu mimi ni jambo moja, na nitaanza na lori.

Januari 2018 kampuni ya Marekani iitwayo Nikola iliweka mtandaoni video ya lori lake jipya. Lori refu, limechongwa pua kama samaki, linapita kwa kasi kwenye barabara tupu ya jimbo la Utah. Ilisemekana litatembea kwa umeme unaotokana na hidrojeni, bila dizeli wala moshi. Maneno yaliyoandamana na video yalisema lori "linasonga". Nami niliitazama nikiwa na grisi mikononi, nikaishika simu kwa vidole viwili nisiichafue, na niliipenda. Nilimwita hadi kijana ninayemfundisha kazi aje aone.

Septemba 2020 ndipo ilipojulikana kilichofanyika siku ile ya kupiga picha. Lori lile halikuwa na uwezo wa kutembea kwa nguvu zake. Walilivuta hadi juu ya kilima chenye mteremko mpole, dereva akaachia breki, likateremka. Hati ya mashitaka iliyofuata ilitaja jambo ambalo kila fundi aliyemo humu atalielewa mara moja: mlango wa lori ulikuwa umebandikwa kwa utepe wa gundi usije ukaanguka. Kampuni ilipobanwa ikajibu kwamba haikupata kusema lori linakwenda kwa nguvu zake lenyewe. Na ni kweli, haikusema. Ilisema linasonga. Hata pipa tupu, ukiliachia kilimani, linasonga.

(Hapa watu walicheka sana. Nikawaacha wacheke, maana kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha.)

Waliolipia mteremko ule ni watu kama sisi. Kampuni iliingia kwenye soko la hisa Juni 2020, na ndani ya siku chache thamani yake ikaipita ya Ford, ilhali haijauza lori hata moja. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alizungumza na watu wa kawaida moja kwa moja, mitandaoni na kwenye vipindi vya mahojiano. Waendesha mashitaka walisema hao ndio aliowalenga. Wengine hawakuwahi kununua hisa maishani mwao. Walianza wakati wa janga la korona, kazi zimesimama, wamefungiwa ndani, wanatafuta cha kuziba pengo la mapato. Wapo waliopoteza akiba za uzeeni. Oktoba 2022 Milton alikutwa na hatia ya ulaghai, Desemba 2023 akahukumiwa miaka 4 jela, na Machi 2025 akapata msamaha wa rais. Akiba za watu hazikupata msamaha.

Sasa, kesi na hukumu nawaachia mawakili. Kilichonikaa mimi kichwani ni ule mteremko. Video ile haikuhitaji injini. Ilihitaji uzito wa lori lenyewe, na mtu aliyejua mahali pa kuliachia breki. Tapeli wa mtandaoni naye ni hivyo hivyo. Hana nguvu ya kukusukuma, hata hakujui. Anatafuta uzito ulio nao tayari, upweke, deni, ugonjwa wa mtoto, hofu ya kufukuzwa kazi, hata tumaini lako zuri kabisa, halafu anatafuta pa kukuachia. Utateremka mwenyewe, na njia nzima utadhani unaendesha.

Nitawaeleza habari za kaka yangu mkubwa. Ameniruhusu, na yupo humu humu ukumbini, ila sitawaonyesha amekaa wapi.

Kaka yangu ameendesha malori ya masafa marefu kwa miaka 27. Huyu ni mtu ambaye akipita nje ya gereji yangu anasikia beringi inayoanza kufa kabla mimi niliyeinamia gari sijaisikia. Si mjinga. Naomba mliweke hilo kichwani kwanza, kwa sababu najua tayari kuna mtu anajisemea, "Mimi nisingeingia." Shemeji yangu alifariki. Watoto wako mbali. Kaka akawa analala na simu mkononi, na usiku wa manane mmoja ikampitia video ya tajiri mmoja wa magari, anayejulikana dunia nzima, akisema anagawa nafasi za kuwekeza katika teknolojia mpya ya betri. Sura ni yake, sauti ni yake. Baadaye, tulipoitazama pamoja juu ya meza ya kazi, kati ya spana na kopo la skrubu, niliona midomo inachelewa kidogo nyuma ya maneno, kama mkanda wa injini unaoteleza. Lakini mimi nilikuwa natafuta kasoro. Yeye usiku ule hakuwa anatafuta kasoro.

Aliandika jina na namba yake. Asubuhi akapokea ujumbe wa mama mmoja, "mshauri" wake. Unadhani alimwomba fedha? Alimuuliza goti linaendeleaje. Kaka alikuwa amegusia tu, pale pa kuandika habari zake, kwamba ameacha kuendesha kwa sababu ya goti. Yule mama akalikumbuka goti kila siku kwa wiki sita. Ndugu zangu, mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na katika wiki hizo sita sikumuuliza habari za goti hata mara moja.

Akaweka fedha kidogo. Ikaonekana kwenye programu kwamba zimezaa. Akaomba atoe kiasi fulani ajaribu, akapewa. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa hoja, kwa sababu tumefundishwa kwamba tapeli harudishi kitu. Huyu hurudisha. Ile ndogo ni kama mafuta unayompakia mtu kwenye njia ya kuteleza. Kaka akaongeza, akaongeza tena, akaingiza kiinua mgongo chake. Alipotaka kutoa kubwa, akaambiwa kuna kodi ya kutolea. Akalipa kodi. Kukawa na ada ya uhakiki. Na katika ujumbe mmoja, nilioukuta baadaye, yule mama aliandika hivi: "Usimwambie mdogo wako fundi, hawezi kuelewa mambo haya."

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi. Mambo mengine yote yanaweza kubadilika, leo ni betri, kesho ni dawa, kesho kutwa ni mchumba. Lile la kukutenga na mtu anayeweza kukuuliza swali, hilo nimelikuta katika kila kisa ambacho watu wameniletea tangu hapo.

Na mimi nilifanya nini nilipojua? Nilipiga kelele. Nilimwambia, "Kaka, mtu mzima kama wewe!" Matokeo yake alininyamazia miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo wakaja wengine, wanaojiita warejeshaji wa fedha zilizoibwa, wakamchuna tena. Majina ya walioibiwa huuzwa, na aliyeibiwa mara moja ana uzito mpya wa kuteremka nao: hamu ya kurudishiwa chake. Kelele zangu ndizo zilizomkabidhi kwao. Nasema hivi mbele yenu kwa sababu wengi mna mzee au kijana nyumbani ambaye mnashuku ameingia, na ulimi unawawasha. Muulizeni anaendeleaje kwanza. Habari za fedha mtazifikia.

Hili si jambo la ukoo wetu peke yake. Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza mwaka 2021 kwamba katika miezi sita tu watu waliripoti kutuma zaidi ya dola milioni 2 za sarafu za kidijitali kwa watu waliojifanya Elon Musk, tajiri wa magari ya umeme. Mwaka 2022, karibu watu 70,000 waliripoti kwa tume hiyo hiyo kwamba wamelaghaiwa kwa njia ya mapenzi, na hasara ikafika dola bilioni 1.3. Mwaka 2023, ripoti ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilionyesha walio na umri wa miaka 60 na kuendelea walipoteza dola bilioni 3.4 kwa uhalifu wa mtandaoni. Na hao ni walioripoti. Kaka yangu hakuripoti popote.

Kuna upande mwingine wa simu ambao sikuujua hadi nilipoanza kusoma. Mtindo huu wa kumlisha mtu taratibu kabla ya kumla wenyewe huuita kuchinja nguruwe. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Kambodia huenda wanalazimishwa kufanya kazi hii ya utapeli. Wengi walivutwa kwa matangazo ya kazi, wakafika, wakanyang'anywa pasipoti, wakafungiwa. Kwa hiyo yule mama wa goti, kama kweli alikuwa mama, huenda alikuwa kijana aliyesomea kompyuta, amewekewa maneno ya kuandika, na asipofikisha lengo la siku anapigwa. Naye aliona tangazo akiwa na shida, akateremka. Sijui nimchukie vipi mtu huyo. Wenye majengo wanamofungiwa watu hao nawachukia bila taabu.

Sasa njoo kwenye magari.

Katika gereji yangu mabishano haya yapo kila siku, na nimeona kwamba yanapitia mlango ule ule. Oktoba 2023 maegesho ya ghorofa ya uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, yaliungua, na magari zaidi ya elfu moja yakateketea. Kabla moto haujapoa, mitandaoni walishajua: ni gari la umeme. Kikosi cha zimamoto kilisema ni gari la dizeli. Kijana wangu aliniletea video ile ikiwa na maneno ya kutisha juu yake, na nilipomweleza habari za dizeli alinijibu, "Mzee, lazima waseme hivyo." Tazama jinsi mtu anavyofungiwa mlango: ushahidi ukija, nao unageuzwa kuwa sehemu ya njama. Usimwambie mdogo wako fundi, hawezi kuelewa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewateremsha na mimi, upande wa pili wa kilima. Betri ya lithiamu ikishika moto ni shughuli nyingine. Hujichochea yenyewe kwa ndani, hutaka maji mengi kuliko moto wa kawaida, na inaweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa imezimika. Fundi anayewaambia hakuna tatizo anawadanganya kwa tabasamu. Na wenye viwanda si malaika. Septemba 2015 Volkswagen ilikamatwa imeweka programu inayotambua gari linapopimwa moshi, gari likajisafisha kwa muda wa kipimo tu, kisha likarudi barabarani kuchafua. Magari kama milioni 11 duniani. Nilikuwa nikiwasifia wateja zile injini. Kwa hiyo mtu akiniambia haziamini kampuni za magari, siwezi kumcheka.

Magari yanayojiendesha ndiyo yananigusa zaidi, kwa sababu pale wanalengwa watu wenye tumaini kubwa au hofu kubwa. Mzee ambaye macho yanafifia na hataki kumtegemea mkwe. Mtu asiyeona. Na dereva, ambaye kila wiki anatumiwa video inayomwambia mwakani hana kazi, na chini yake kiungo cha kozi ya kulipia.

Nitawapa tumaini la kweli kwanza. Mwaka 2015, mjini Austin, Marekani, mtu asiyeona alipanda gari la Google lisilo na usukani wala pedali, likampeleka peke yake katika barabara za watu wote. Hilo lilipanda mlima. Tangu 2020, watu wa kawaida mjini Phoenix wameweza kuita gari la kampuni ya Waymo lisilo na dereva ndani. Nalo lilipanda, katika maeneo yaliyopimwa na kuchorwa kwa makini. Lakini lile gari dogo la Austin halikuuzwa kwa mtu yeyote, na mwaka 2017 lilistaafishwa. Kati ya "limewezekana" na "nunua sasa" kuna barabara ndefu, na ndiyo barabara ambayo muuzaji huikata kwenye picha.

Wahandisi wana ngazi zao, kuanzia 0 hadi 5. Kwenye ngazi ya 2 gari linashika usukani na breki, lakini dereva ni wewe, macho barabarani, lawama zako. Kwenye ngazi ya 4 gari lenyewe ndilo dereva, ndani ya mipaka yake. Majina ya kuuzia yanazichanganya hizi makusudi. Gari la ngazi ya 2 linapewa jina linalosikika kama la 5, yaani linalojiendesha popote bila mipaka. Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake. Wachunguzi walikuta kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla, ikashindwa kuamua ni kitu gani. Mtu aliyewekwa kwenye kiti kuangalia alikuwa ameinamia simu. Sekunde 5.6. Hebu hesabuni kimoyomoyo.

(Tulihesabu. Ukumbi mzima ukanyamaza, na ni ndefu mno.)

Ninachowaomba mkifanye na haya yote ni kile ninachomfanyia mteja anayeniletea gari la kununua. Huwa nasema, tulitoe hapa tambarare, nionyeshe likipanda mlima. Maana yake ni kwamba naangalia anayesema anaweka nini chake rehani. Mfano mmoja unatosha. Watu huniuliza kama betri za magari ya umeme hufa baada ya miaka miwili, kwa sababu wameona video. Mimi huwaambia watazame waranti: watengenezaji wengi huahidi miaka 8 au kilomita 160,000 kwenye betri. Sisemi kampuni inawapenda. Nasema kwamba ikidanganya hapo, inalipa kwa fedha zake. Aliyeweka video hatalipa chochote akikosea, na pengine kila mnapoitazama analipwa. Yule mama wa goti hakuwahi kuweka chochote rehani zaidi ya dakika zake, na hata dakika zenyewe huenda hazikuwa zake.

Na msisahau kwamba barabara yenyewe imeinamishwa. Kuanzia mwaka 2017 mitambo ya Facebook iliuhesabu uso wa hasira, pamoja na nyuso nyingine za hisia, kuwa na uzito mara 5 wa ile alama ya kupenda, katika kuamua nini kisambae. Ilichukua miaka kupunguza. Kwa hiyo chapisho linalokukasirisha kuhusu magari halikukufikia kwa bahati. Liliachiwa breki na mtu, mahali fulani, aliyejua mteremko unaelekea wapi.

Mtaniuliza, je, tuogope kila kipya? Mwaka 1899 gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, mali ya Mbelgiji Camille Jenatzy, kwa hiyo hiki kipya chenyewe kina umri mkubwa kuliko babu zetu wengi. Na Waingereza, mwaka 1865, walipitisha sheria kwamba chombo cha injini barabarani kitanguliwe na mtu anayetembea kwa miguu na bendera nyekundu. Siku hizi sheria ile huchekwa kama mfano wa woga. Mimi siichekei sana. Magari yalipoachiwa yaende, barabara zikaanza kuua, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 zinaua takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka. Yule mtu wa bendera alikuwa akikera, anachelewesha, lakini angalau alikuwa akitembea mbele ya chombo, kwa miguu yake, aone kinakokwenda.

Kaka yangu sasa hupita gereji karibu kila jioni. Huweka simu mezani, huifuta kioo kwa kitambaa safi, kisha hunionyesha alichotumiwa siku hiyo. Mara nyingine ni utapeli mtupu, tunafuta. Mara nyingine ni habari ya kweli ambayo mimi ndiye niliyeidharau haraka, na yeye hunishinda kwa hoja, hasa kwenye malori. Wiki iliyopita tulibishana kuhusu malori ya hidrojeni hadi kijana akafunga milango akatuacha nje. Hatujakubaliana bado. Goti lake halijambo, nauliza siku hizi.

Naona mzee wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja betri kuwaka tena. Ameuchosha. Mwenyekiti, apewe kipaza sauti.